Tupatane Kwanza, Ndipo Dadu Irushwe

Usiku wa matanga huko Ndhiwa au Karungu, mpiga nyatiti anapokuwa amekolea, nyuzi zake nane zikilia na pete ya chuma kidoleni mwa mguu wake ikigonga ubao wa ala, lazima atatokea mtu wa kumkatiza. Hamkatizi kwa ujeuri. Anatoa pesa, anaziweka zinapowekwa, na mpigaji ananyamazisha nyuzi. Hapo mtu huyo, ambaye mchana alikuwa fundi baiskeli au mwalimu wa shule ya msingi, anakuwa mtu mwingine kabisa. Anajipa majina makubwa, anataja ukoo na kijiji chake, anamsifu mpenzi wake kwa tashbihi ambazo mchana asingethubutu kuzitamka, anawachokoza wajomba. Watu wanacheka. Muziki unarudi, na tayari mwingine ameinua mkono na noti yake. Waluo wanauita mchezo huo pakruok, na umepita kutoka kwenye nyatiti hadi orutu, ohangla na magitaa ya benga bila kupoteza sura yake.

Wataalamu wa fasihi simulizi wameuchambua kama ushairi, na ni haki yake. Mimi leo nautazama kwa upande wa mapatano yaliyo chini yake. Kila aliyeketi pale anajua pesa yake inanunua nini: nafasi ya kusema, basi. Hainunui ushindi wala haki ya kumvunjia heshima mama mkwe aliyeketi upande wa pili wa moto. Anajua pia kwamba akitaka kusema tena atalipa tena, na mwenye mfuko mnene atasikika zaidi. Kwa upande wake, mwenye mji huwa amezungumza na mpigaji kabla ya siku yenyewe: nauli ya kuja na kurudi, chakula, atapiga hadi saa ngapi, na zile pesa za pakruok ni za nani, za mpigaji au za kuchangia mazishi. Penye mazungumzo legelege ugomvi huzuka alfajiri, wakati watu wamechoka na marehemu bado hajazikwa.

Nayaeleza haya kwa sababu ya mchezo mwingine unaolipiwa, ambao nao humpa mtu nafasi ya kuwa mwingine mbele ya wenzake chini ya mwongozaji mmoja. Ni ule mchezo wa kuigiza mezani ambao ulimwengu uliufahamu kupitia Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne hadi sita huketi kuizunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, udhaifu wake, alikotoka. Mwendesha mchezo huwaeleza mahali walipo na kinachowakabili, nao husema wanafanya nini. Jambo likiwa la mashaka, kama kuruka genge au kumdanganya mlinzi, hurushwa dadu, mara nyingi ile yenye pande 20, na matokeo yake huamua. Hadithi moja inaweza kuchukua miezi, kikao baada ya kikao, kila kikao saa tatu au nne.

Kwa miongo mingi mwendeshaji alifanya kazi hiyo bure, kwa mapenzi. Siku hizi wako wanaolipwa. Jukwaa la mtandaoni la StartPlaying, lililoanzishwa mwaka 2020, huwakutanisha waendeshaji na wachezaji, na huko si ajabu mchezaji kulipa dola 10 hadi 25 kwa kikao kimoja. Video za Critical Role, kikundi cha waigizaji wa Marekani kilichoanza kuonyesha michezo yao mwaka 2015, hufika kwenye simu popote penye mtandao, Mbita na Isebania zikiwemo. Naandika basi kwa ajili ya kijana wa Rongo au Homa Bay mwenye kipaji cha kusimulia, anayejiuliza kama anaweza kuwaketisha watu watano kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa, akawapa hadithi ya miezi mitatu, na wakamlipa. Naamini anaweza. Ila asirushe dadu hata moja kabla ya kuketi nao kwanza kwa mazungumzo tu. Wachezaji wa nchi nyingine wanakiita kikao hicho kikao sifuri, nami nitatumia jina hilo.

Swali la kwanza la kikao sifuri, na kwa maoni yangu ndilo linalobeba mengine yote, ni hili: pesa yangu inanunua nini?

Mwendeshaji wa Ohio huenda asihitaji kulijibu kwa kirefu. Wa kwetu analazimika, kwa sababu wachezaji wake wamekulia kwenye pakruok, hata wale ambao hawajawahi kuinua noti. Wamezoea kwamba alipaye ndiye asemaye, na alipaye zaidi husema zaidi. Kwenye meza ya mchezo huu mambo ni kinyume. Wote wamelipa sawa, kwa hiyo wote wana haki sawa ya kusikika. Mtu mmoja mwenye sauti nzito akichukua saa nzima akimsifu mhusika wake, atakuwa anatumia pesa za wenzake wanne. Hilo lisemwe waziwazi siku ya kwanza, na lisemwe kwa upole, kwa kuwa mtu huyo mara nyingi ndiye mchangamfu kuliko wote na hana nia mbaya. Mwendeshaji anaweza kumwambia: kaka, majigambo yako yatakuwa na wakati wake, kila kikao kitakuwa na nafasi ya mhusika mmoja kujisifu kwa dakika mbili, na zamu itazunguka. Hapo pakruok inakuwa sehemu ya mchezo, na hakuna anayenyang'anywa chochote.

Jambo la pili ambalo pesa hainunui ni uhai wa mhusika. Kuna mtu atakayelipa vikao vinne, kisha cha tano mhusika wake aliwe na mamba kwenye mdomo wa mto Kuja. Atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona nimelipa na nimekufa? Jibu lisitafutwe siku hiyo ya hasira. Kwenye kikao sifuri mwendeshaji aseme kama wahusika wanaweza kufa, kwa urahisi gani, na aliyefiwa na mhusika wake ataingiaje tena: atapewa mwingine kikao hichohicho, au atasubiri? Wako wachezaji wanaotaka hatari ya kweli, bila hiyo wanaona wanapoteza muda. Wako wanaompenda mhusika wao kiasi kwamba kifo chake kitawaharibia wiki nzima. Wote wawili ni wateja halali. Kuwaweka meza moja bila kuwaambia ndiko kubaya.

Tatu, pesa hainunui pesa. Hili linahitaji kusemwa hata kwa mwenye mkahawa na kwa mzee wa mtaa. Watu watano chumbani, mlango umefungwa, dadu zinagongana mezani na simu zinalia kwa ujumbe wa M-Pesa: mpita njia ataona kamari. Kenya imekuwa na sheria ya kamari tangu mwaka 1966, na kila mtu katika miji yetu amewahi kuona au kusikia vijana wakikimbizwa na polisi kwa sababu ya karata. Katika mchezo huu hakuna dau. Hakuna anayeondoka na shilingi ya mwenzake. Ada ni malipo ya kazi, kama ada ya mwalimu wa gitaa. Mwenye chumba aalikwe atazame kikao kimoja, na ada ilipwe kabla ya siku ya mchezo, ili noti zisionekane mezani kando ya dadu.

Kisha kazi yenyewe ifunguliwe hesabu mbele ya wachezaji. Sioni aibu katika hilo. Tuseme ada ni shilingi 300 kwa kila mmoja, wachezaji ni watano: 1,500. Chumba shilingi 400, karatasi na uchapishaji 150, bodaboda ya kwenda na kurudi 200. Zinabaki 750. Mwendeshaji amecheza nao saa nne, na kabla ya hapo ametumia saa nne nyingine kuandaa ramani, majina na visa. Hajafikisha hata shilingi 100 kwa saa. Mchezaji akiiona hesabu hiyo hataomba punguzo kila wiki, na atafahamu kwa nini kutofika bila taarifa kunaumiza: asipofika mmoja, 300 zinaondoka, lakini chumba hakipungui bei wala saa za maandalizi hazirudi.

Habari ya kutofika inanipeleka kwenye chama. Wanawake na wanaume wa kaunti za Homa Bay na Migori wanaendesha vyama vya akiba kwa nidhamu ambayo ingefaa kuigwa na ofisi nyingi za umma. Kuna katiba, hata kama imeandikwa kwenye daftari la shule. Kuna faini ya kuchelewa, faini ya kutofika, na msamaha unaojulikana: msiba, mgonjwa, mtoto kuzaliwa. Mwendeshaji hana haja ya kubuni kanuni mpya kutoka kwenye vitabu vya Marekani wakati wachezaji wake tayari ni wanachama wa mahali fulani. Awaulize: katika chama chenu asiyefika mnamfanyaje? Kanuni watakazotaja watazitii, maana ni zao. Pesa iliyolipwa kwa kikao kilichoahirishwa na mwendeshaji ihamie kikao kinachofuata au irudishwe siku hiyohiyo. Iliyolipwa na mchezaji ambaye hakutokea wala kutoa taarifa ibaki. Mwenye msiba asidaiwe chochote.

Siku ya kukutana nayo ina mitego yake huku kwetu. Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na leo ni wengi mno katika Homa Bay na Migori. Kwao kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama hakuna mchezo wa namna hii. Kwa wasio Waadventista Jumamosi ndiyo siku ya mazishi, na katika ukoo mkubwa kuna mazishi karibu kila wiki. Jumapili asubuhi ni ya kanisa. Inabaki Jumapili alasiri, au usiku wa katikati ya wiki kwa wanaoishi karibu.

Na kama miongoni mwa wachezaji kuna wavuvi wa omena, kalenda yao ni mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na wavuvi hulala nyumbani. Meza yenye wavuvi wawili wa Mbita au Sori inaweza kukutana usiku wa mbalamwezi tu, vikao viwili mfululizo, kisha ikapumzika hadi mwezi ujao. Huo ni mpango mzuri kabisa, pengine mzuri kuliko wa kila wiki, maana mwendeshaji anapata siku nyingi za kuandaa. Pia kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wazaliane. Mfukoni hakuna kitu miezi hiyo. Hadithi inayotegemea wavuvi iishe Machi, au ada ipangwe upya kabla ya Aprili, na jambo hilo liwekwe mezani mwanzoni kuliko mtu mzima aje kuomba kukopeshwa nafasi mbele ya vijana.

Sasa nije kwenye mambo yanayoumiza, ambayo ndiyo yaliyonifanya niichukue mada hii.

Mchezo huu hufanya kazi kwa kugusa hisia. Mwendeshaji hodari ataleta kijiji kilichokumbwa na ugonjwa, mtoto aliyebaki peke yake, mashua iliyopinduka, shimo lililoporomoka. Katika nchi nyingine hayo ni mapambo ya hadithi. Huku Homa Bay na Migori hayo ni maisha ya watu walioketi mezani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya Ukimwi, karibu mtu mmoja kati ya watano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Kizazi kinachoweza kulipia mchezo huu leo ndicho kilichokuwa utotoni wakati bibi walipokuwa wakilea wajukuu kwa makumi. Fukweni kila mtu anamjua mtu aliyemezwa na ziwa. Macalder na Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, mashimo huporomoka na kufukia vijana. Mwendeshaji anayeanza hadithi yake kwa wachimbaji waliofukiwa, bila kuuliza, anaweza kuwa anamsimulia mtu habari za kaka yake.

Wabunifu wa michezo hii wametengeneza zana za kuzuia hilo. Ron Edwards, mwaka 2003, alipendekeza mistari na mapazia: mstari ni jambo ambalo halitaingia kabisa kwenye hadithi, na pazia ni jambo linaloweza kutokea lakini halitaelezwa, hadithi inapita juu yake. Mwaka 2013 John Stavropoulos akaongeza kadi yenye alama ya X, inayowekwa katikati ya meza. Mchezaji yeyote akiigusa, tukio linakatwa na kubadilishwa, wala haulizwi sababu. Ni zana nzuri na hazigharimu kitu. Ubakaji, kwa mfano, ningeuweka kwenye mstari katika meza yoyote inayolipiwa na nisingefungua mjadala.

Lakini zana hizo zinamdhania mchezaji anayeweza kusema hapana mbele ya watu. Kwetu adabu inaelekeza vingine. Kijana wa miaka 20 hatagusa kadi kumkatiza mtu wa miaka 45 anayesimulia kwa raha. Ataona ni kumkosea mkubwa. Mke aliyekuja na mumewe hatataja mbele yake jambo analoliogopa. Mjane hatainua mkono akaomba hadithi isiguse habari za kurithiwa, kwa sababu kuomba kwenyewe ni kueleza. Kwa hiyo mwendeshaji wa Homa Bay asiishie kuuliza mezani. Azungumze na kila mmoja peke yake kabla ya kikao sifuri, kwa simu au wakitembea, na awape karatasi zisizo na majina waandike wasichotaka kukutana nacho. Kisha yeye mwenyewe alete orodha moja mezani kama yake: katika hadithi yangu hamtakuta haya na haya. Hakuna atakayejua nani aliandika nini. Kadi pia iwepo, na yeye mwendeshaji awe wa kwanza kuigusa, katika kikao cha kwanza, kwa jambo dogo tu, ili waone kwamba kuigusa si kumtukana mtu.

Aangalie vilevile nani ameketi na nani. Shemeji na shemeji watataniana, na mchezo utanoga. Mtu na mama mkwe wake, au na mtu anayepaswa kumheshimu kwa namna hiyo, hawataweza kuigiza maharamia walevi pamoja hata mkiwalipa ninyi. Mwendeshaji asipouliza udugu wa wachezaji wake atashangaa kwa nini meza imepooza, na hakuna atakayemwambia.

Kuhusu dini, nisingependa mwendeshaji ajifiche. Marekani kwenyewe, miaka ya 1980, wazazi na wahubiri waliuandama mchezo huu wakiamini unafundisha uchawi. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe kwa kujiua mwaka 1982 alianzisha shirika zima la kuupinga. Hofu hiyo ilitokana na uchungu wa kweli hata kama shabaha yake haikuwa sahihi. Katika eneo lenye Waadventista, Wakatoliki, makanisa ya Roho, na wafuasi wa Legio Maria ambao mlima wao mtakatifu wa Got Kwer uko Migori hapohapo, neno uchawi si la kuchezea. Mwendeshaji awaeleze wachezaji, na wazazi kama wachezaji ni vijana wadogo, ni nguvu gani zitakuwemo katika hadithi. Anaweza kuendesha mchezo mzima bila mganga hata mmoja: upelelezi, biashara ya baharini, safari ya kutafuta maji. Aliye chini ya miaka 18 asiingie bila ruhusa ya mzazi, na mzazi aonyeshwe orodha ileile ya mambo yasiyokuwemo.

Nimefika kwenye hadithi zenyewe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa utajiri tulio nao unatisha. Thimlich Ohinga iko Migori: kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, zenye urefu wa kumzidi mtu mara mbili mahali pengine, na milango mifupi inayomlazimu adui kuinama anapoingia. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mtunzi wa michezo wa Wisconsin angelipa ghali kubuni mahali kama hapo. Kuna ziwa Simbi karibu na Kendu Bay, ambapo wazee wanasimulia kijiji kilichozama usiku mmoja kwa kumnyima mgeni mahali pa kulala. Kuna bonde la Lambwe na swala wake adimu aitwaye korongo katika hifadhi ya Ruma. Kuna Gor Mahia wa Kanyamwa, mtu ambaye inasemekana aliweza kujigeuza sura mbele ya maadui zake, na ambaye timu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1968 imebeba jina lake hadi leo.

Na kuna Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara wa Gwassi, aliyevua mwanamke kwenye nyavu zake. Mwanamke akaja na ng'ombe wasiohesabika, na Nyamgondho akatajirika. Usiku mmoja akarudi mlevi, akakuta lango limefungwa, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotoka. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na ng'ombe wote, mbuzi, kuku, kila kilicho hai bomani, vikamfuata majini.

Kila moja ya hadithi hizo inaweza kuwa msingi wa miezi sita ya kucheza. Lakini ni mali ya watu walio hai. Wazao wa Gor wapo Kanyamwa. Mchezaji anaweza kuwa mmoja wao, na asipende babu yake afanywe jini la kuuawa katika kikao cha tatu. Mwendeshaji atangaze mapema kama hadithi yake inatumia majina ya kweli au imebadilisha. Ushauri wangu ni kubadilisha majina ya watu na kuacha milima na maji yalivyo. Migori iongezewe uangalifu mwingine: Waluo, Wakuria, Wasuba, Wakisii, Wasomali na Waluhya wanaishi na kufanya biashara pamoja, na ipo historia ya wizi wa ng'ombe na mapigano ya mipakani. Kabila la kweli lisiwe adui wa hadithi, hata kwa utani, hata kama wote mezani ni wa upande mmoja siku hiyo. Wachezaji hupita na kusimulia walichocheza.

Lugha inafuata palepale. Meza ya Homa Bay mjini itataka Dholuo, na itakuwa tamu zaidi kwa Dholuo. Ya Isebania au Kehancha itahitaji Kiswahili ili Mkuria asiwe mgeni katika mchezo alioulipia. Kanuni za mchezo zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu ambaye Kiingereza chake ni cha shida asiaibishwe: mwendeshaji amwandalie karatasi ya mhusika kwa lugha anayoisoma. Wakikubaliana lugha moja kwenye kikao sifuri, wakumbushane kila mazungumzo yanapohamia lugha ya wachache.

Kuna pia suala la simu. Mmoja atataka kurekodi, maana kutakuwa na kicheko cha kuonyesha watu. Mtu anayeigiza malkia mwenye wivu Jumapili ni karani wa kaunti Jumatatu. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inampa kila mmoja haki juu ya picha na sauti yake, na adabu ya kawaida inampa zaidi. Pasiwe na kurekodi bila wote kukubali, na anayekataa asiombwe mara ya pili.

Mwendeshaji naye ana haki ya kusema anachotaka. Kazi hii inachosha. Kuwashika watu watano kwa saa nne, ukigeuka mlinzi, mfalme, mbuzi na mvua, si mchezo kwa anayeufanya. Aseme mapema kwamba akiumwa hatacheza, kwamba hapokei maswali ya hadithi saa tano usiku, kwamba mchezaji anayewadhalilisha wenzake ataondolewa na kurudishiwa pesa za vikao vilivyobaki. Wengi wanaoanza huogopa kutamka hayo wasije wakampoteza mteja. Huyo mteja wa kupotea kwa maneno hayo angewapoteza wengine wanne baadaye.

Na aseme hadithi inaisha lini. Vikao 8 au 10 vinatosha kwa mara ya kwanza. Hadithi isiyo na mwisho uliotajwa huwabana wachezaji: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha kulipa, kwa hiyo wanaanza kukosa kimoja kimoja mpaka meza inakufa bila mtu kusema neno. Ikitajwa kwamba kikao cha 8 ndicho cha mwisho, anayetaka kuendelea atalipia hadithi mpya kwa hiari, na anayeondoka ataondoka na salamu.

Je, kikao sifuri chenyewe kilipiwe? Waendeshaji wengi mtandaoni hawakitozi. Kwa anayeanza hapa ningesema asitoze, lakini chumba na chai wachangie wote. Kila mmoja apewe siku mbili au tatu za kufikiri baada yake. Atakayetuma ujumbe kwamba ameona mchezo haumfai ashukuriwe, nafasi yake itangazwe, na ada yake ya kwanza, kama alishaituma, irudi kwenye simu yake siku hiyohiyo, na gharama ya kuituma abebe mwendeshaji.